Kengele ya Baba

Nyumba ya wageni, kando ya ziwa
Milima ya Auvergne, Ufaransa

Mdogo wangu Ambakisye,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku ile nilipopanda lori pale Tukuyu kuja huku. Barua zote nilizokuandikia tangu wakati huo zilikuwa za kulifunika. Leo nitaliandika, maana nikingoja mwezi mwingine halitaandikwa na mtu yeyote.

Ugonile, ndugu yangu. Umeamkaje? Mgongo wako ule unaokusumbua wakati wa mvua u hali gani? Ng'ombe wanakamwa? Na migomba iliyoangushwa na upepo imechipua tena? Mimi si mzima. Kifua kimejaa maji. Daktari huja, hunigonga mgongoni kama mtu anayejaribu debe kama lina kitu, kisha huongea na mwenye nyumba mlangoni kwa sauti ya chini. Nimeishi na watu wa huku muda wa kutosha kujua maana ya sauti ile.

Barua ya mwanao Lugano nimeipata. Anasema mkewe amejifungua mtoto wa kiume, nao waliomba aitwe jina la Baba yetu, nawe ukasimama na fimbo mkononi ukasema, "Jina la muuaji haliitwi katika ua wangu. Mkiliita, nahama." Anasema mtoto sasa ana miezi minne na bado anaitwa Katoto tu, kama mbwa asiye na mwenyewe. Ndiyo sababu ninaandika. Na kwa kuwa macho yako hayasomi tena, najua ni Lugano anayekusomea. Lugano, mwanangu, soma yote. Usimrukie baba yako mstari hata mmoja, na usijirukie wewe.

Nianze na uongo mdogo ili kalamu izoee. Mimi si mwalimu huku, wala sijawahi kuwa. Ile picha niliyowaletea, nimesimama mbele ya shule na tai shingoni: shule ni ya kijiji, na tai ni ya marehemu Bwana aliyenileta huku. Unamkumbuka yule Mfaransa aliyekuja kupima kina cha ziwa letu kwa kamba na jiwe? Alisema kwao pia kuna maziwa yaliyozaliwa na moto wa milima kama yetu, akanichukua nimsaidie kuandika kitabu cha kuyalinganisha. Kitabu hakikwisha. Vita ilikuja, naye akafa kabla haijaisha. Mjane wake akaigeuza nyumba yao kuwa ya wageni, na mimi, msomi wenu, nikawa fundi wa baiskeli za wageni hao. Nimeziba mipira iliyotoboka tangu wakati huo mpaka mwaka huu vidole vilipokataa.

Ungeiona nchi hii ungekasirika kwa jinsi inavyofanana na kwetu. Milima ya kijani, ng'ombe, ukungu wa asubuhi, na juu kabisa maji yametulia kama yamemiminwa kwenye bakuli. Wakati wa joto watu hutoka mijini na baiskeli. Wazee wazima, kaptula fupi, miguu myeupe, ramani imefungwa kwenye usukani. Hupanda mlima mpaka ulimi unatoka, hufika ziwani, hukaa, huyatazama maji, hula mkate, kisha huenda kutafuta ziwa jingine. Hakuna anayewatuma. Kwetu mtu hupanda mlima kwa sababu shamba liko juu.

Huniuliza, "Mzee, njia ya ziwa la tatu ni kali?"

Nami huwajibu, "Kali kupanda. Kushuka ni mbaya zaidi." Hucheka sana. Sikuwa nataniana nao.

Ramani ya njia inayopita maziwa matano niliichora mimi. Imebandikwa ukutani pale wanapokunywa kahawa, na wengi wameisifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini inazunguka na kuliona ziwa la kwanza kwa mbali tu, wakati ipo njia fupi inayopita ukingoni mwake. Na wanapokuja nyuma yangu barabarani wakapiga kengele, mimi huruka majanini na kujifunika kichwa. Ni mzee, nina fimbo, lakini huruka. "Tazama adabu ya mzee huyu!" husema. Mwenye nyumba alidhani nilifundishwa hivyo na Waingereza. Nilimwacha adhani.

Wewe unajua kuruka kule kunatoka wapi. Lugano hajui, kwa hiyo nitamweleza.

Mama yako Tusekile alipoolewa, Lugano, yeye na Babu yako hawakuruhusiwa kuonana uso kwa uso. Ndiyo ilikuwa heshima ya mkamwana kwa baba mkwe. Akimsikia anakuja, aliacha njia, akajificha majanini amejifunika kichwa mpaka apite. Nao wazee walikuwa wakikohoa tangu mbali, ili mwanamke apate nafasi. Basi Babu yako akapata baiskeli, ya kwanza katika mteremko wetu wote. Majirani wakanung'unika: "Chombo hiki hakina nyayo za kusikika. Utawakuta wakwe zako macho kwa macho!" Yeye akaagiza Mbeya kengele kubwa ya shaba, akaifunga, akawaambia, "Hiki ndicho kikohozi changu. Nikikohoa huku nateremka nitameza nzi." Watu walicheka wiki nzima. Lakini alikuwa mwangalifu kuliko aliyetembea kwa miguu. Alipiga kengele kila kona. Na pale juu ya ziwa, njia inapobanwa na ukingo, alishuka, akaisukuma baiskeli, akapiga, akasimama, akangoja. Hakuwahi kupapita akiwa ameketi. Hilo peke yake lingetosha watu wajiulize maswali.

Siku ile mama yako alikuwa anarudi na mzigo wa kuni. Wewe ulibaki nyumbani, hujaanza hata kutambaa. Kengele ililia nyuma yake palepale ukingoni. Alifanya alivyofundishwa: alitupa kuni, akajifunika uso kwa kanga, akaruka kando bila kuangalia. Pale palikuwa na magugu marefu, na chini ya magugu hapakuwa na ardhi. Mwanamke aliyekuwa akilima ng'ambo ya ziwa aliona baiskeli imepandwa na mtu mwenye koti jeusi la mvua, koti la Baba.

Ambakisye, ulikuwepo wazee walipomuuliza Baba, "Ulipita pale?" Akasema, "Baiskeli ni yangu. Kengele ni yangu." Hakusema neno jingine, na hakuna aliyemwomba aseme. Ng'ombe wa fidia wakapelekwa kwa wazazi wa Tusekile. Wewe ukatema mate mbele ya miguu yake, ukasema, "Kuanzia leo sina baba," kisha ukahamia Uyole ili usilione ziwa. Yeye akaenda Iringa kwa Shangazi, mahali ambapo hakujua lugha wala mtu mwingine, akapalilia mahindi ya wengine mpaka akafa. Baiskeli aliiacha. Shangazi aliniandikia kwamba alikuja na kengele tu, amekwisha kuifungua, na kila Jumapili aliifuta kwa kitambaa wala hakuipiga kamwe. Mazishini hukwenda. Mimi nilikuwa mbali, na nilishukuru kuwa mbali.

Baba hakuwa juu ya baiskeli siku ile. Alikuwa amelala ndani na goti lililovimba. Hukulikumbuka goti lile kwa sababu ya uchungu, na mimi sikukukumbusha. Koti nililivaa mimi. Nilikuwa nakwenda kambini kwa Mfaransa. Niliporudi nilimwambia Baba kila kitu, au karibu kila kitu.

Akaniuliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Wewe unangojwa ng'ambo. Mimi nangojwa na nini?"

Nilikataa mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha nikakubali. Mwezi uliofuata nilikuwa kwenye lori, na yeye hakuja kuniaga, maana watu wangemzomea njiani. Alitoa ukimya wake ili nije kuwa mtu mkubwa Ulaya, nami nimekuja kuziba mipira.

Nilimwambia ukungu ulikuwa mzito, kwamba nilikuwa nimechelewa, kwamba sikuona mtu mbele yangu, nilipiga kengele kwa mazoea tu. Hayo ndiyo aliyokufa akiyaamini.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba mtoto apewe jina lake. Panda basi uende Iringa, Shangazi akuonyeshe kaburi, ukae hapo kama mtoto mbele ya baba yake. Kengele anayo yeye. Ichukue, mpe Lugano. Akitaka kuitupa ziwani, ni haki yake.

Msalimie mkeo, aliyemlea Lugano kama amemzaa, sijawahi kumshukuru. Msalimie dada yetu Subilaga wa Tukuyu, mwambie vazi alilonishonea nitazikwa nalo. Msalimie mke wa Lugano, mwenye mtoto, na mzee wa kanisa aliyenifundisha kusoma, kama yu hai. Asijivunie mwanafunzi wake. Mimi sitarudi. Ardhi ya hapa ni baridi lakini wamekwisha kunionyesha mahali.

Ni mimi kaka yako,
Andongwisye

Nimekwisha kutia sahihi, lakini karatasi bado ina nafasi na Lugano bado anasoma. Hapakuwa na ukungu. Ulikuwa umeinuka, na sikuwa nimechelewa. Nilimwona Tusekile vizuri mbele yangu na kuni zake kichwani, na nilijua atadhani ni Baba. Nilipiga kengele makusudi, ili nimtazame akiruka. Alipotoweka, nilikuwa bado nacheka.