Saa ya Mama Mnadani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi upande wa dirishani penye mwanga, na anayekusomea ni mama mdogo. Kama ni mtu mwingine, namwomba aikunje hapo hapo na kuirudisha ndani ya bahasha. Mimi ni mzima, ila usingizi umepaa. Macho yako yanaendeleaje? Nimesikia ukungu umezidi kwenye jicho la kulia, na daktari anasubiri tu upate fedha za upasuaji. Mama mdogo naye nampa shikamoo yake, na ninamwomba asiisome barua hii kwa ile sauti yake ya sokoni.

Ningepiga simu, lakini kaka habanduki kando yangu. Tunashinda chumba kimoja, yeye kwenye kompyuta akinadi vitu mtandaoni, mimi sakafuni na katoni, mkasi na selotepu, nikifunga vilivyouzwa. Hesabu zote hukaa kwake. Nikikohoa tu anauliza nina nini. Na Jumamosi anakuja kwako kuchukua cherehani yako, nayo ainadi.

Ile saa ya ukutani ya marehemu baba ulimpa aiuze ili upate pesa za macho. Akakuletea fedha za kununulia mikate miwili, akakuambia vitu vya zamani siku hizi havina soko. Nawe ukamshukuru, ukamwombea na dua juu! Mama mdogo aliponisimulia, damu ilinichemka.

Acha nikueleze mnada wake unavyokwenda. Wenye mtandao hukata kamisheni kwenye bei ya kitu peke yake, hawagusi gharama za kusafirisha na kufunga. Basi kaka huanzisha bei chini kabisa, kisha pembeni, kwa herufi ndogo, huweka usafirishaji na ufungashaji wa kutisha. Wengi wakiuona hukimbia, kwa hiyo bei haipandi. Anayebaki hulipa fungu kubwa kwa jina la safari. Saa ya baba iliuzwa kwa bei ya mikate miwili, lakini kwa pesa ya kuifunga na kuisafirisha ungenunua duka la mikate pamoja na muuzaji wake. Wewe ulipewa bei. Ya safari akaila yeye.

Kufunga kitu ni kazi, Mama, na kazi ilipwe. Sanduku hununuliwa, sponji hununuliwa, na msafirishaji naye haweki maji kwenye tangi la gari lake. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini mnunuzi wa saa alilipia sanduku jipya, sponji na bima, na mimi niliambiwa niifunge kwa katoni ya nepi na magazeti. Bima haikukatwa.

Mnunuzi akalalamika. Wenye mtandao wakamwandikia kaka aonyeshe risiti za gharama hizo kabla mwezi haujaisha, la sivyo wanafunga akaunti. Tangu siku hiyo chumba hakikaliki. Kaka alizunguka akimporomoshea matusi huyo mnunuzi, mara bahili, mara mchawi, mara mtu asiye na kazi. Akaniamuru niandike jibu kwa kuwa eti maneno yangu ni laini. Akawa anasema, nami ninaandika, kwamba saa haina miguu ya kujipeleka, kwamba ufungashaji ulikuwa wa hali ya juu. Hapo mkono ukagoma. Nikamsihi arudishe iliyozidi, nawe akupe haki yako. Akanikazia macho, nikadhani amejua. Kisha akasema mama hana habari, kwa hiyo hajapungukiwa na kitu.

Hujapungukiwa na kitu, nawe unapapasa ukuta ukitafuta mlango wa chumba chako mwenyewe. Nililia, Mama, lakini nilimalizia kuliandika lile jibu.

Sasa mshike mama mdogo mkono. Mnunuzi ni mimi. Moyo ulikataa saa ya baba iende kwa mgeni, nikajisajili kwa jina la kubuni, nikatoa anwani ya rafiki yangu msusi, nikalipa kwa akiba yangu yote. Niliifunga mwenyewe na kwenda kuipokea mwenyewe. Malalamiko ni yangu, na jibu la uongo la kuyapinga nililiandika kwa vidole hivi hivi. Sikukusudia kumtega kaka, nilitaka saa tu. Lakini niliposikia ulichopewa nikakumbuka nilicholipa, nikajua hata pesa ya cherehani haitafika kwenye macho yako, ndipo nikalalamika.

Jumamosi nitakuja naye. Nimemwambia cherehani inahitaji mtu wa kuifunga vizuri, akakubali. Usimkaripie mlangoni, mwanao ni mwanao, mpe chai. Akishaishika cherehani, muulize usafirishaji ataweka kiasi gani, na nani atakula hiyo pesa. Akikwepa, muulize tena. Akinigeukia mimi, nitamwambia niliyokuambia.

Wasalimie jirani zetu wote, na mama mdogo akuwekee dawa ya macho kwa wakati. Ninaogopa, Mama. Kaka ninaye huyo huyo mmoja, na sijui kama nitarudi naye kwenye gari moja.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako