Mkono Begani

Kaka Onchari,

Duka bado liko palepale chini ya ngazi, na kiti chako sijakishusha, ingawa miguu yangu haifiki chini. Wanaokuja kutengenezewa programu za mazishi bado wanakuulizia. Nawaambia mimi ni dada yako, ulinifundisha. Wengine wanakaa, wengine wanaondoka.

Yako niliitengeneza mwenyewe. Mama alichagua picha ya kule Nyaramba, mliyopigwa kwenye shamba la majani chai wewe na Kerubo wako, mkono wake begani mwako, unacheka macho yamefumba nusu. Nikaanza ulivyonizoesha: picha moja, nakala mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini nikaifungia ndani ya fremu nyeupe. Ya juu nikaichonga polepole kukufuata wewe, majani chai yote yakatoka, ili kichwa chako kipite juu ya fremu. Ulikuwa ukisema, "Marehemu ana sanduku moja tayari. Usimtie kwenye la pili."

Ndipo Baba mdogo akaingia. Alisema gari la kukutoa mochari liko tayari na programu lazima ziende nalo. Kisha akamwona Kerubo.

"Huyo mtoe. Ng'ombe wa mahari hawajaenda kwao."

Unajua yeye hajibiwi. Nikasogeza fremu hadi Kerubo akabaki nje, isipokuwa mkono. Baba mdogo akaugusa kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, akauliza huo nao unafanya nini hapo.

Nikamwambia nikiutoa, bega linaenda nao. Haikuwa kweli, kaka. Ulinionyesha jinsi ya kuchukua kitambaa cha koti upande mmoja na kufunika upande mwingine, hata fundi wa nguo asijue. Mama, aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, alinitazama sana. Kazi yetu anaijua.

"Bega la mwanangu lisiguswe," akasema.

Baba mdogo alitoka kupiga simu. Hapo hapo nikauchonga ule mkono, nikauweka kwenye nakala ya juu, ukavuka fremu hadi ukingo wa karatasi. Nikachapa. Unajua mashine yako inavyovuta karatasi kwa kusitasita. Nilisimama mbele yake kama mtu anayeziba mlango. Aliporudi, nakala zilikuwa zinaanguka. Akaokota moja, akaitazama, akailaza kifudifudi. Hajanisemesha mpaka leo.

Nyumbani, kwenye mazishi, Kerubo alikaa nyuma ya hema na majirani, mtoto wenu Moraa mgongoni. Jina lake halikuandikwa popote. Lakini niliona watu wakitazama jalada, kisha wakigeuka kumtafuta mwenye mkono. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, mchungaji aliita familia, na Baba mdogo akatupanga. Mama hakusogea.

"Mama Moraa," akaita, mbele ya ukoo mzima. "Njoo. Anza wewe."

Kerubo akaja. Nilisikia udongo wake ukikufikia, na hakuna aliyepinga kwa sauti.

Sasa wanapinga. Jumapili wanakaa kuamua habari ya nyumba yako. Wanasema asiyetolewa ng'ombe hana mlango hapa. Nitaingia naye, nikae upande wake, hata tukiwa watatu tu, sisi na Mama. Naogopa, kaka, lakini nitasema.

Pumzika. Mkeo na mtoto hawatatoka kwako mimi nikiwa nimenyamaza.

Dada yako,
Kemunto