Mahakama Iende Wapi

Jumanne, 5 Machi
Mimi, diwani! Mungu nisaidie. Simu ya Mwenyekiti Dewitt Crenshaw iliingia saluni, mteja wangu Bi Clemmie akiwa na dawa ya nywele kichwani, inamchoma, anapiga kelele. Nikasema "ndiyo" ili tu akate simu. Kumbe nimekubali kiti cha marehemu Pickens kwenye baraza la kaunti.

Najua kwa nini mimi. Paa la mahakama limeanguka kwa ile dhoruba. Madiwani wanne waliobaki wamegawanyika katikati: wawili wanataka mahakama mpya hapa hapa Pinder, wawili wanataka ihamie Ebenezer. Kura sare. Wakarudia — sare. Dewitt anasema mwanamke anayetengeneza nywele za kaunti nzima hawezi kuwa na maadui. Huyo hajawahi kukaa saluni.

Harmon, mume wangu, kacheka mpaka kakohoa. Kisha akakumbuka kwamba mkahawa wake unatazamana na mahakama. Akaacha kucheka.

Alhamisi, 7 Machi
Friji imejaa pai za njugu za pekani. Sijui nani kaleta ipi. Watu ambao mwezi uliopita hawakunisalimia leo wananiita "Mheshimiwa"!

Loyce Hambrick kaja kuoshwa nywele. Diwani wa Ebenezer, mkulima wa karanga, sauti kama trekta. Hajawahi kukanyaga kwangu. Nikamweka chini ya draya ya kukaushia nywele. Kwa kuwa hawezi kuisikia sauti yake mwenyewe, akaipaza, mtaa mzima ukamsikia. "Mliiba, Ozella! Mahakama ilikuwa yetu! Babu zetu wako kanisani wanaomba mvua, wa Pinder wakaja na mikokoteni ya nyumbu, wakabeba meza, mihuri, na jaji! Jaji mwenyewe, kalala kwenye benchi lake!"

Nikamwambia hayo yalitokea kabla bibi yangu hajazaliwa. Na babu zangu mimi, watu weusi, wakati huo hawakuulizwa chochote, Pinder wala Ebenezer.

"Basi huna kinyongo na mtu," akasema. "Vizuri sana. Kiwanda cha kuku kiko kwetu, kodi inatoka kwetu, harufu tunanusa sisi. Pinder inakula tu. Tupigie kura."

Jumamosi, 9 Machi
Zamu ya Dewitt. Kaingia na paja zima la nguruwe, lililokaushwa kwa moshi. Anasema jaji alipanda mkokoteni kwa hiari yake — alichoshwa na mbu wa Ebenezer. Kisha akalegea, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele kama mteja.

"Kiwanda cha mbao kilifungwa, Bi Ozella. Treni haisimami tena. Mahakama ikiondoka tunabaki nini? Njia panda na kituo cha mafuta."

Nilimhurumia, sikutegemea. Halafu akakunjua mchoro wa jengo jipya. Vioo vitupu! Kama duka la magari. Zile ngazi za mawe za mbele ya mahakama zinang'olewa, pawe pa kuegesha magari.

Paja nimelikataa. Harmon alilitazama likirudi garini kama mtu anayesindikiza jeneza.

"Mawakili wakihamia Ebenezer," akaniuliza, "mbavu zangu za kuchoma nimuuzie nani? Njiwa?"

Nikamwambia nitapiga kura kwa dhamiri.

"Dhamiri inalipa umeme?"

Tumelala tumepeana migongo.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani Ebenezer, na Mama. Nimezaliwa huko, nimeolewa huku — kila upande unadhani mimi ni wake. Mchungaji kahubiri Sanduku la Agano: Wafilisti walivyoliiba, wakapata majipu, wakalirudisha mbio. Alipofika kwenye majipu kanisa zima likanigeukia. Kwaya pia!

Nikiwa naendesha kurudi nikamuuliza Mama anataka iwe wapi.

"Angalia barabara," akasema.

Ndiyo jibu lote nililopata.

Jumatatu, 11 Machi
Hakuna mteja hata mmoja. Wa Pinder wanaogopa kuonekana wananibembeleza. Wa Ebenezer wamesusa, eti nilikula chakula cha mchana cha Harmon. Nile cha nani?

Alhamisi, 14 Machi
Naandika chooni. Choo cha wasichana, shule ya sekondari. Mkutano uko kwenye ukumbi wa michezo, watu mpaka chini ya goli za kikapu. Niliomba ruhusa kidogo na sijarudi.

Ilikuwa hivi. Dewitt alionyesha vioo vyake. Wa Pinder wakapiga makofi. Loyce akaonyesha shamba la kando ya kiwanda cha kuku. Wa Ebenezer wakapiga miguu, sakafu ikalia. Kisha Dewitt, kama mwenyekiti, akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno.

Mama akainuka. Na kofia yake ya Pasaka! Sikujua hata kama amekuja.

"Mimi naitwa Arzelia Gaither," akasema. "Nilipokuwa msichana nilitoka Ebenezer kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Karani akaniambia nije kesho. Nikaja kesho yake. Akaniambia karani hayupo — na ni yeye mwenyewe anayesema!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nikakaa kwenye zile ngazi za mawe majira yote ya joto. Mwisho akachoka kuniruka akipita, akaniandika. Sasa Dewitt, mwanangu, hapo unataka kuegesha nini?"

Dewitt akajikuna shingo. Loyce akaanza kutabasamu, Mama akamgeukia. "Na wewe usifurahi. Huko kwako kwenye kuku nitakaa wapi?"

Akaketi.

Nimeishi na huyu mwanamke miaka yote hii. Hajawahi kunisimulia! Nilijua tu kwamba hapendi kukalia jiwe, na kwamba hakosi uchaguzi.

Ndipo jina langu likaitwa. Nikasimama. Nikasema kilichoanguka ni paa. Kuta zimesimama, ngazi zimesimama. Basi tuezeke paa, Pinder ibaki na jengo, na baraza liwe linakutana mwezi mmoja Pinder, mwezi mmoja Ebenezer. Na kodi ya kiwanda cha kuku itengeneze barabara yao kwanza.

Kelele! Dewitt akasema haiwezekani. Loyce akasema haiwezekani. Neno moja, pamoja! Sijawahi kuwaona wakikubaliana. Dewitt, kwa uenyekiti wake, akauliza nani anaunga mkono hoja ya Diwani Ozella. Hakuna mkono. Nikasubiri. Hakuna. Nikajiona nalia mbele ya wateja wangu wote, nikakimbilia huku.

Mlango unagongwa. Ni Harmon.

"Mke wangu, toka. Kuna mtu kaunga mkono."

"Nani?"

"Toka uone mwenyewe. Wanakungoja upige kura."

"Niambie kwanza, Harmon!"

Anapumua kama mtu aliyekimbia. Huko ukumbini watu wamepagawa. Sijui wanazomea, sijui wanashangilia — kwa mlango huu ni sauti ile ile. Nafunga daftari, natoka kupiga kura.