Doa Juu ya Kichwa cha Amulen

Busia Mjini,
14 Agosti 2024

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote hapo Lumino. Natumaini goti lako linapata nafuu na mvua haikuharibu mihogo mliyoanika. Mimi ni mzima, na kazi ya video inaendelea.

Shangazi Shallon ameniambia kwamba Jumamosi ukoo utamtoa Mama Mdogo Amulen nyumbani kwake, na kwamba wewe, mkubwa wa ukoo, umekubali. Akasema pia watu wanadai nimenunuliwa kwa kuku ili nifute ushahidi. Nilimjibu kuku huyo hajafika. Akifika nitamwalika tule.

Baba, nataka ujue ushahidi huo ni nini. Siku ya kumzika mumewe, Baba Mdogo Okochi, niliweka kamera juu ya stendi, ikawa inapiga picha moja moja tangu asubuhi, kisha nikaziunganisha kuwa video inayokwenda mbio. Waombolezaji wanapita kama siafu. Mama Mdogo peke yake ametulia kando ya jeneza, kwa sababu mjane haruhusiwi kuinuka, na juu ya kichwa chake kuna doa jeusi lisilosogea. Binamu Allan aliinakili kabla sijaisafisha, akaisambaza kwa simu. Mzee Owori wa ukoo wetu akatangaza kwamba kwa doa hilo marehemu anamwonyesha aliyemuua.

Lile ni vumbi. Liliingia kabla ya msiba, nilipobadilisha lenzi kwenye barabara ya Buteba, likanata kwenye kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Jua likiwa kali nabana tundu la lenzi linalopitisha mwanga, na hapo vumbi hujitokeza. Nimejaribu kwa ukuta, kwa mbuzi na kwa mnara wa simu. Nikigeuza kamera, doa linabaki pale pale kwenye picha na kumkalia yeyote aliyepo. Kulifuta si uchawi wala hongo: nachukua kipande cha anga safi kilicho kando yake, nakibandika juu.

Uliponipigia simu ulisema binti hafundishi wazee, nikae kimya. Nimekaa kimya wiki nzima, na Mama Mdogo amekwisha kufunga vyombo vyake.

Sasa kuna jambo hujui. Jumapili iliyotangulia mazishi nilikupiga video ukitoa shukrani kwenye uwanja wa kanisa, kwa kamera hiyo hiyo. Doa lilikaa juu ya kichwa chako tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho. Nililifuta kabla ya kukupa nakala, kama ninavyowafanyia wateja wote. Lakini ile ya awali ninayo, na jana niliituma kwa kila simu iliyopokea ile ya Allan, bila kufuta kitu. Kama doa linamtoa mtu nyumbani kwake, wazee waanze na wewe.

Siombi radhi kwa hilo. Jumamosi nitakuwa nimeketi mlangoni kwa Mama Mdogo kabla hamjafika. Ukitaka kunilaani, utanikuta hapo.

Msalimie Mama, na mdogo wangu Isaac akirudi kutoka shuleni. Mungu awape nguvu na usingizi mzuri.

Ni mimi binti yako, ninayekuheshimu bado,
Nanjala