Timu Yako Niliyoiteka Msibani

Mtani wangu Festo,

Mhehe wee, bado umelala? Wenzako tumeshakunywa chai, tumeshaangalia matokeo, na mmoja wetu ameshaanza kulia. Usijipe sifa. Kilio chako tulikimaliza mwanzo wa mvua, watu wakipanda uwele. Hiki cha leo ni cha wivu, na kwa kuwa wivu wenyewe ni juu yako, nimeona si haki uendelee kupumzika huko na mimi nibaki nao peke yangu.

Nianzie pale ulipotuacha. Unajua kazi ya mtani msibani: wafiwa wanalia, sisi tunawaharibia kilio. Mgogo nikifa, Mhehe anakuja kunitania, na Mhehe akifa ni zamu yangu. Nilivaa kofia yako ya pama. Nikavaa na miwani yako, ile niliyokuuzia mwenyewe dukani kwangu ukailalamikia mpaka siku ya mwisho. Nikakaa kwenye kiti chako pale barazani Nzuguni, nikashika simu mbali na uso kama ulivyokuwa unashika, nikatikisa kichwa, nikasema kwa sauti yako: "Yona, wewe unauza macho, ya kwako umeyaweka wapi?" Dada yako aliyetoka Iringa alicheka huku kamasi zinamtoka. Mchungaji aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mtani ana haki ya kuteka kitu cha marehemu na kukishikilia mpaka wenye nyumba wakikomboe kwa jogoo au chochote walichonacho. Wengine huteka sufuria, wengine baiskeli. Mimi nilikuwa na kofia yako kichwani bila akili zako ndani yake, nikasimama mbele ya watu nikatangaza kwamba nateka timu yako ya mpira wa kikapu. Nilikuwa nategemea jogoo. Mkeo, Mama Neema, akauliza kwa upole ni timu gani hiyo, mbona hajawahi kuona wachezaji wakiingia nyumbani kwake.

Nikamweleza. Nikamwambia ni ligi yetu ya kwenye simu, tuko wanne: marehemu, mimi, Jagi wa duka la vifaa vya ujenzi, na Mwalimu Rehema wa Ipagala. Mwanzo wa msimu tunachagua kwa zamu wachezaji wa kweli wa kule Marekani, na akishachukuliwa na mmoja hawezi kuwa wa mwingine. Wao wakifunga, wakidaka mpira, wakitoa pasi, sisi huku tunapata alama. Waliobaki bila mwenyewe wako wazi, na yeyote kati yetu anaweza kumwacha wake mmoja akaokota mmoja. Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mume wangu alikuwa anafuga watu." Nikasema ndiyo, shemeji. Akasema, "Basi chukua, mtani. Sina jogoo wa kukomboa watu."

Baraza zima likacheka, na mimi nikabaki na timu. Jagi ndiye anayeisimamia ligi, akatoa simu pale pale akaihamishia kwangu, huku machozi yanamdondokea kwenye kioo.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaogopa. Unajua mkia wa ligi yetu una mwenyewe. Anayemaliza wa mwisho anavaa aproni na kuwachomea wenzake nyama kule mnadani Msalato, na wenzake wana ruhusa ya kumtuma chumvi, kumtuma ndimu, na kusema nyama haijaiva hata kama imeungua. Aproni ile imeshachukua umbo la tumbo langu. Wewe hujawahi kuivaa. Sasa nilikuwa na timu mbili kwenye simu moja, yangu mkiani kama kawaida, yako ya pili kutoka juu, na anayeziongoza zote mbili ni mimi. Nikajiambia, Yona, lolote litakalotokea, Festo asivalishwe aproni akiwa kaburini. Angalau hilo.

Lakini wivu, mtani. Wewe hukuwahi kujua ulivyokuwa unaniumiza, au ulijua ukafurahi. Kumbuka siku za kuchagua, tumekaa dukani kwa Jagi katikati ya ndoo za rangi na mabunda ya waya. Mimi nachagua majina makubwa, watu ambao hata mama yangu kule kijijini angeweza kuwa amewasikia. Wewe zamu yako ikifika unataja mtu ambaye Jagi anakuomba ulitaje jina lake mara ya pili, anatafuta kwenye simu, hamwoni, anakuuliza kama una hakika bado anacheza. Tunakucheka. Ikifika katikati ya msimu, mtu yule anadaka mipira kama anavuna zabibu, na majina yangu makubwa yameumia, yameweka miguu kwenye barafu. Nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, vifundo vya miguu ya vijana wako viteguke kidogo tu. Asubuhi nikifungua simu nakuta umenitumia ujumbe wa sauti ambao hauna neno hata moja, ni kicheko chako tu.

Kwa hiyo timu yako ilipokuwa mikononi mwangu, nilifanya nini? Niliitengeneza. Nilimtazama yule kijana uliyempa jina la Ndama, mrefu, mikono mirefu, yuko kwenye timu inayofungwa kila siku, na hata huko anakaa benchi. Nikasema hapa marehemu alipitiwa. Nikamwacha Ndama, nikamwokota mzee mmoja mwenye jina, aliyewahi kutikisa dunia sisi tukiwa na nywele.

Chai yangu haijapoa, Mwalimu Rehema alikuwa ameshamchukua Ndama. Akaniandikia: "Kaka Yona, shikamoo, na asante kwa sadaka." Nikajibu marahaba, karibu sana, kwa sauti ya tajiri. Muda si mrefu yule mkubwa aliyekuwa mbele ya Ndama akauzwa timu nyingine, Ndama akaanza kucheza mchezo mzima, na sikuweza tena kunywa chai nikiwa na simu mezani. Mzee wangu mwenye jina alicheza kidogo, akapumzishwa, akacheza kidogo. Timu yako ikateleza mpaka ikaanza kugusana na yangu.

Hayo ya alama ningeyavumilia. Nilimuuliza Rehema alijuaje. Akasema, bila hata kufikiria, "Kaka Festo alinifundisha. Aliniambia usitazame alama, tazama dakika anazopewa." Nikaguna. Nikampitia Jagi dukani, nikamwambia kwa kejeli kwamba eti marehemu alikuwa anamfundisha Rehema. Jagi hakucheka. Alisema, "Hata mimi, bwana Yona. Aliniambia mtazame aliye mbele yake kwenye foleni ya kucheza, halafu mtazame huyo goti."

Festo.

Rehema ulimfundisha. Jagi ulimfundisha, na Jagi tulimjua ukubwani, tena kwa sababu ya misumari. Mimi tulicheza wote kiwanja kile cha shule chenye ringi moja isiyo na wavu, wewe ukiniambia simama hapa usifanye kitu chochote. Mimi ndiye niliyekusindikiza ukienda kuposa, nikakutukana mbele ya wakwe kama mila inavyotaka. Mimi ndiye mtani. Na mimi hukuniambia hata neno moja. Nilirudi nyumbani nimevimba. Wateja nikawa nawapimia macho kwa hasira, mama mmoja akaniomba radhi kwa kutoona herufi.

Nikiwa nimevimba hivyo hivyo nikaenda kwa Mama Neema. Nilisema napeleka mlenda mkavu ambao mke wangu amemtumia, na kweli nilikuwa nao, lakini nilikwenda kukushitaki. Nikamwambia yote. Nikamwambia mumeo alikuwa na siri, akawagawia watu wa kuja, mimi akaniacha nivae aproni. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema:

"Shemeji, wewe si alikuwa anakupeleka Msalato kila Jumamosi? Ulidhani mnakwenda kula nyama?"

Ndiyo, mtani. Nilikuwa nimedhani tunakwenda kula nyama.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mnadani peke yangu. Nikapita wachomaji wote wakiniita kwa jina, sikusimama, mmoja akauliza kama naumwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye zizi, pale ulipokuwa unaniburuza kwanza kabla hatujaagiza, ukisema ni mazoea ya kazi, mtu aliyekuwa bwana mifugo hawezi kupita ng'ombe bila kumsalimia. Nilisimama ulipokuwa unasimama. Wanunuzi walikuwa wamewazunguka mafahali wanene, na pembeni walikuwapo wale wengine, mbavu nje, hakuna anayewaangalia.

Ndipo nikakusikia. Yaani nilikumbuka, lakini ilikuwa kama kukusikia. "Yona, yule wa pembeni unamwonaje?" Nami nikisema, amekonda. Nawe ukiuliza, "Amekonda kwa nini?" Kila Jumamosi swali lile lile. Nami kila Jumamosi nilijibu nitajuaje, mimi si ng'ombe, twende tukale. Na ulikuwa unasema, tukiwa tunaondoka, ukijisemea kama mtu anayehesabu hatua zake: aliyekonda kwa ugonjwa mwache, aliyekonda kwa safari mchukue, huyo anadai majani tu. Mtazame miguu. Mtazame macho. Mimi wakati huo natazama moshi.

Kwa hiyo ulinifundisha kabla yao, na kuliko wao. Rehema alipata sentensi moja, Jagi sentensi moja. Mimi nilipata Jumamosi zote. Ungefikiri wivu ungeisha hapo. Haukuisha, uligeuka tu. Sasa namwonea wivu yule Yona aliyekuwa amesimama karibu nawe, ana mtu wa kumuuliza swali, naye anafikiria mbavu za mbuzi.

Nilirudi, nikakaa dukani, nikafungua orodha ya waokotwao. Kwa kila mmoja nikajiuliza, amekonda kwa nini. Wengi walikuwa wagonjwa kweli. Halafu nikamkuta mmoja aliyevunjika kifundo cha mkono mwanzo wa msimu, amerudi juzi juzi, wanamwingiza dakika chache kama mtu anayeonja mchuzi. Alama zake zilikuwa za kusikitisha. Lakini katika dakika hizo chache alikuwa anadaka kila mpira unaopita karibu. Nikatafuta picha zake akicheza. Anakimbia mpaka mwisho wa uwanja hata timu yake ikiwa imeshafungwa. Macho yake mazima. Nikasema kwa sauti, mteja akiwa amevaa fremu za kujaribia: huyu amekonda kwa safari. Mteja akasema asante.

Nikampa jina la Beberu. Na hapo, mtani, ndipo nilipokaa na kidole hewani, kwa sababu Beberu ni mmoja na timu ni mbili. Msimu ulikuwa unakaribia ukingoni. Yangu na yako zilikuwa zimebanana kule chini, na yeyote ambaye hatampata Beberu alikuwa anavaa aproni. Nilimwona mimi. Kwa mara ya kwanza maishani nimemwona mtu mimi mwenyewe, kwa macho yangu, na ilikuwa haki yangu kuonja hata mara moja asubuhi zako zilivyokuwa.

Nikamweka kwako.

Nilikuwa nakutukana huku namweka, kwa hiyo usiniombee utakatifu. Wiki ya mwisho alidaka mipira mpaka Jagi akanipigia simu kuuliza nani ananisaidia. Rehema amechukua ubingwa, na Ndama wako ndiye aliyembeba, nami sijui lini nitaweza kumsalimia bila meno kuuma. Jagi wa pili. Wewe wa tatu. Mimi ninashika mkia nyuma ya mtu aliyekufa, na timu aliyonishinda nayo nimeiongoza mimi. Sidhani kama kuna Mgogo mwingine aliyewahi kufanyiwa hivi na Mhehe.

Jumamosi hii natia moto. Mama Neema amesema atakuja, atakaa kwenye nafasi yako, na ameshaniambia kwamba nyama haijaiva. Amesema pia amepata jogoo, yuko tayari kukukomboa. Nimemwomba amrudishe bandani. Bado nakushikilia.

Kwaheri, mtani. Lala sasa, nimemaliza kukuharibia usingizi. Nakuahidi jambo moja. Kila Jumamosi, kabla sijaagiza hata kipande, nitakwenda kwanza kwenye zizi, nisimame upande wako, nitafute yule wa pembeni. Na nitajiuliza swali lako mpaka mwisho, bila kutazama moshi.

Ni mimi uliyenishinda,
Yona