Kasia Mlangoni, Ngoma Uani

Maman Honorine mpendwa, wewe unayetujibu redioni kila Jumatano, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, na naomba jibu lako lifike kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wageni wanarudi na nyumbani kwangu kunawaka moto.

Mimi nilizaliwa mjini Kamembe, nikaolewa huku kisiwani na Néhémie, mvuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, na wanawake wa koperative yetu wamenichagua niwe natembeza wageni kwa sababu nina Kifaransa kidogo cha shule, na sikufichi Maman, kazi hii naipenda, maana tangu nizae najiona kama beseni la kufulia tu, lakini nikisimama pale zinapofika boti na kusema karibuni, hapa tunaishi hivi, tunakula hivi, najisikia muntu, na tena kule mjini nimekua nikisikia watu wa kisiwa wakichekwa, sasa nataka waonekane.

Shida ni hii. Wanaume wa huku wanavua usiku, wanarudi jua likichomoza na kulala, na nyumba yenye aliyelala inaegemezewa kasia mlangoni, ukiliona unapita polepole, hata kinu cha muhogo tunakishusha chini kabisa kando ya ziwa ili kutwanga kusiwaamshe, watoto wanajua, hata mbuzi nadhani wanajua. Sasa Jumamosi iliyopita Josiane, mkubwa wa koperative, akaniambia, "Bageni banataka kisiwa ikuwe hai! Bakikuta kimya batasema huku hakuna kitu," nami nikawapandisha saa nne asubuhi, ngoma mbele, vigelegele nyuma, katikati ya nyua za watu, nikapita makasia yote nikiyaona, nikijiambia mgeni ni mgeni, mara moja haidhuru. Néhémie akatoka na blanketi begani, mgeni mmoja akampiga picha, wengine wakacheka, naye akarudi ndani. Jioni akaenda ziwani hivyo hivyo bila usingizi, huko akasinzia akipiga kasia, na mwenzake Mulume akamdaka shati akiwa tayari anaelekea majini.

Mama mkwe tangu siku hiyo hanisalimii, anasema tu, "Mutoto ya mujini, unauzisha usingizi ya bwana yako." Na Néhémie, ambaye si mtu wa kelele, amesema kidogo: "Maman Shimwa, chagula. Bageni ao mimi."

Nikiacha kazi, najifungia tena ndani. Nisipoacha, namzamisha baba ya mtoto wangu. Nifanye nini?

Maman Shimwa, kisiwani

*

Maman Shimwa, pole, na huyo Mulume mpikie chakula kizuri kwa ajili ya mkono wake. Sasa kaa nikugombeze. Makasia uliyaona. Mgeni asiyejua ningemsamehe, lakini wewe ndiye uliyewekwa kuwafundisha wageni, ukawafundisha kukanyaga. Nenda kwa bwana yako akiwa ameamka na amekula, uombe msamaha usio na "lakini" ndani yake. Mama mkwe atausikia tu, usihangaike kumwita.

Kazi usiiache. Aliyekosea hesabu ni Josiane, anayefikiri kimya chenu ni aibu. Mimi nimezeekea hapa Cyangugu, ziwa nalitazama kila siku, na habari ya kasia nimeijua kwako. Nilipokuwa nasoma barua yako kwa sauti, nilijikuta naishusha sauti, na nilikuwa peke yangu studioni! Ngoma wageni wameziona kila mahali. Kijiji kizima kinachotembea kwa vidole ili akina baba walale, hicho hawajakiona.

Kwa hiyo Jumamosi wasimamishe kwenye boti kabla hawajashuka. Waambie nyuma ya kila kasia yuko mtu aliyefanya kazi usiku kucha. Kamera mfukoni, wapitishe njia ya chini mpaka kwenye kinu, watwange muhogo wenyewe kwa mikono yao laini, muwacheke kidogo, kisha wale ugali na sambaza. Ngoma zilale mpaka alasiri, wanaume wakiwa wameamka na wanafunga pamoja pirogi zao, ile mitumbwi yao, tayari kwa ziwa. Hapo wataimba wakipiga makasia, kama wanavyoimba hata pasipo mgeni. Anayependa picha atasimama mwenyewe, na Néhémie asipopenda, yameisha. Josiane akikataa kubadilisha saa, mwambie awatembeze yeye, kwa Kifaransa chake.

Neno la mwisho, mwanangu. Katika barua yako nimekuta usingizi wa bwana, wa majirani, karibu na wa mbuzi. Wako nimeutafuta, haumo. Basi Jumapili mpe mama mkwe mtoto mkononi. Ndiyo, huyo huyo; hajanuna kiasi cha kumkataa mjukuu. Halafu mwombe Néhémie akuegemezee kasia mlangoni, nawe ulale. Safari hii wapite polepole kwa ajili yako.