Kwa Magokoro Kerubo, Aliyenipa Msasa Uzeeni

Magokoro Kerubo,

Hukujua kusoma, na hilo halikukuzuia hata siku moja kunisahihisha. Kwa hiyo nakuandikia bila wasiwasi. Huko uliko hakukosi mwalimu mmoja marehemu wa kukusomea, na akifika mahali nilipokosea utaguna tu, nami nitajua. Nakuandikia kwa Kiswahili, ulichokiita lugha ya chaki. Unisamehe. Nimekifundisha miaka thelathini na mitatu kule karibu na Suneka, na mkono wangu ukishika kalamu hautaki kusikia lugha nyingine, hata ile ya mama.

Ni miezi minane tangu tukulaze nyuma ya nyumba yako. Mahindi yako wanao wameyavuna. Paka wako amehamia kwetu bila kuomba ruhusa na analala juu ya magazeti yangu. Lakini hizo si habari zilizonifanya nitafute kalamu. Nina mbili. Ya kwanza ni ya aibu: niliacha kazi. Ya pili ni kwamba nimerudi.

Unakumbuka nilivyokuja nyumbani hapa Tabaka nilipostaafu, na blanketi na saa ya ukutani, zawadi za walimu wenzangu. Kila aliyenipa mkono aliniambia, "Mwalimu, sasa pumzika." Nikapumzika. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili nikafua soksi zilizokuwa safi. Ya tatu Bosibori, mke wangu, akaniambia nimeanza kuuliza chakula cha mchana saa nne asubuhi, na kwamba kama nimekosa darasa la kufundisha basi nisimfanye yeye kuwa darasa.

Wewe ulikuwa unapita hapo nje kila asubuhi na ndoo yako. Miaka sabini na miwili. Wanao walikutumia kila kitu, sukari mpaka sweta, na bado ulikwenda kwenye kibanda cha wanawake kusugua mabakuli ya mawe ya sabuni. Nikakuuliza kwa nini hukai nyumbani ukapumzisha magoti. Ukanijibu bila kusimama, "Kwani nikikaa yatapona?" Halafu ulipofika kwenye kona ukageuka. "Chaki na hii jiwe ni ndugu, mwalimu. Kuja."

Nilikuja. Wanaume wa hapa huchimba na kuchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji, kisha hupaka nta. Kwa mgongo wangu machimbo hayakuwezekana, na tindo ningejikata nayo vidole. Nikaenda nilipoitwa. Vijana wa machimboni walinicheka wiki nzima, wakachoka.

Lakini kosa la siku ile ya kwanza lilikuwa langu mwenyewe, na mtu asiye wa kwetu asingelielewa. Nilichukua kigoda nikakaa katikati ya wanawake kama anayekagua madaftari. Wakanyamaza. Siku nzima ilikuwa ni msasa tu, shwa, shwa, shwa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikamwambia Bosibori kwamba kazi ile inafanywa kwa utulivu mkubwa, kama ibada. Alicheka mpaka akaketi chini. Mimi, mzee mzima, Mkisii wa kuzaliwa, nilikuwa nimesahau chinsoni, miiko ya wakwe! Nusu ya wanawake wale ni wake wa watoto wa ndugu zangu, wakamwana wangu, na heshima yetu hairuhusu mkamwana anyooshe miguu mbele ya baba mkwe, wala apandishe leso isilowe, wala asimulie habari za nyumbani kwake huku mzee ametega sikio. Shule ilinizoesha kuwa "Mwalimu" kila mahali, nikasahau kwamba kijijini mimi ni baba mkwe wa watu.

Wewe ulijua tangu asubuhi ya kwanza. Uliniacha siku tatu makusudi, na sijakusamehe vizuri mpaka leo. Siku ya nne ulikichukua kigoda changu ukakihamishia ukingoni mwa kibanda, ukanikalisha nikiwapa mgongo na kutazama migomba, kisha ukaketi kati yangu na wao. Haki hiyo ulikuwa nayo. Ulinizidi miaka kumi na miwili tu, lakini uliolewa na mdogo wake babu yangu, kwa hiyo wewe ni bibi yangu, magokoro, na kati ya bibi na mjukuu hakuna chinsoni, kuna utani. Maneno yao yalipita kwako yakanifikia, na yangu yakapita kwako yakawafikia. Haikupita nusu saa nikasikia kicheko nyuma yangu. Tangu hapo, kwa miaka sita, nimesikia mambo ya kijiji hiki ambayo nitayapeleka kaburini.

Na bakuli langu la kwanza je? Nililisugua asubuhi moja tu. Nikalitoa kwenye beseni liking'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kwa kinyozi, nikakuletea kwa majivuno. Uliliweka juani ukaendelea na lako. Lilipokauka, mikwaruzo ikajitokeza kila upande, myeupe. Nilikuwa nimeruka kutoka msasa mkali hadi ule laini kabisa, nikaiacha yote ya katikati. "Jiwe ikiwa na maji inadanganya kila mtu," ukasema. "Rudi darasa la kwanza." Nikarudi kwenye msasa mkali nikaanza upya. Jioni ncha za vidole zilikuwa zinawaka moto, sikuweza hata kumenya kiazi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu. Ulipokuwa hai sikukuambia hilo, niliona haya.

Baadaye ukanipa kazi ya kuanika na kukagua. Ulisema mtu aliyezoea kutia watoto wa watu alama nyekundu asiachwe akipoteze kipaji hicho. Nikawa nazungushia kila mkwaruzo penseli, na macho yalipoanza kunichezea ukanifundisha kutumia ukucha wa kidole gumba. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema wahenga, na wewe ulinikinga na yote mawili.

Hukuwahi kunihubiria juu ya maisha. Makanisani nimesikia mengi kuhusu kusudi la mwanadamu, mengine nimeyasema mimi mwenyewe kwenye mikutano ya wazazi, na sauti yangu ile. Wewe ulifika kibandani saa mbili, basi. Kama kulikuwa na matanga ulifika saa nane. Ulikuwa umewaahidi watu kwamba utakuwepo, na ulikuwepo.

Halafu kikaja kile kifua. Wiki mbili, ukaenda. Mazishini nilipewa nafasi ya kusema machache kama mwalimu, nikasema yale ya kila mtu: mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Nilikuwa na haya yote moyoni na sikuweza kuyatoa. Nilikulilia, Magokoro. Baba mkwe wa watu, miaka sitini na sita, nilijificha nyuma ya tangi la maji la kanisa nikalia kama niliyechapwa.

Jumatatu nilikwenda kibandani. Mahali pako palikuwa wazi. Niliketi ukingoni kama kawaida, na nyuma yangu wakanyamaza. Hakukuwa na wa kupitishia neno. Niliishiwa na msasa nikashindwa kuuomba, nikakaa na bakuli mkononi nikingoja mtu aone. Wao nao, maskini, waliona, lakini nani angenikabidhi? Jumatano nikasema mgongo unaniuma. Sikurudi.

Miezi minne, Magokoro. Katika miezi minne hiyo nilizeeka kuliko katika miaka sita yote ya kusugua mawe. Nilianza kulala mchana. Gazeti nilianza kulisoma kwa matangazo ya vifo, nikitafuta waliozaliwa baada yangu. Bosibori aliacha kunitania, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua dawa ilikuwa wapi, mwendo wa dakika kumi tu, na sikuweza kuifuata kwa sababu bila wewe sikuwa na mlango wa kuingilia.

Sasa sikia alichofanya Nyaboke, mke wa mtoto wa kaka yangu. Unamjua alivyo, miaka yote ile hajawahi kuniambia neno ana kwa ana. Asubuhi moja niko barazani na chai, nikamwona anaingia uani. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye zizi, akanipa mgongo, akamshika ng'ombe wangu pembe na kuanza kumhutubia. "Wewe ng'ombe, ambia mwenye hii boma mabakuli yote imerudishwa. Mnunuzi amesema ina mikwaruzo. Sisi tunaharakisha, hakuna mtu wa kuanika. Mwambie kiti yake iko pale pale. Hakuna mtu ameikalia."

Ng'ombe akaendelea kucheua. Nyaboke akangoja. Nami nikakohoa, nikamwambia yule ng'ombe, kwa sauti ya kufika darasa la nyuma, "Mwambie aliyekutuma kwamba nimesikia. Nakuja kesho." Nyaboke akaitikia kwa kichwa na kuondoka mbio, nusura aangushe ndoo ya maziwa. Bosibori alikuwa dirishani. Hakucheka. Aliniletea ile suruali yangu yenye madoa ya nta, ameshaipiga pasi.

Siku iliyofuata nilikuta mabakuli yote yamepangwa juani, makavu, yananingojea. Tuliyarudisha darasa la kwanza, yote, siku tisa. Mnunuzi aliyachukua na hakuguna. Siku hizi msasa unakuwa kando yangu kabla sijauhitaji. Sioni anayeuweka na sigeuki kuangalia.

Kuna jingine. Mjukuu wa kaka yangu ameoa msichana wa Keumbu, Moraa, watu wao ni wafanyabiashara, hajawahi kushika jiwe la sabuni maishani. Naye amekuja kufanya kazi kibandani. Kwa hesabu yetu ni mke wa mjukuu wangu, chinsoni haituhusu kabisa. Hakujua desturi ya kibanda chetu, akachota maji, akaketi palepale ulipokuwa ukiketi wewe, akaniuliza mbele ya wote, "Sokoro, mbona umewapa hawa watu mgongo? Mlikosana?" Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Mimi pia, mpaka nikamwaga maji. Nikamwambia babu yake hajanuna, anawaheshimu tu wenye nyumba. Tangu siku hiyo maneno yanapita kwake, kwenda na kurudi, na mengine ameyaongezea chumvi njiani. Ni mtundu. Ungempenda, na ungemsumbua.

Juzi aliniuliza swali jingine. "Sokoro, na wewe hii kazi utaacha lini?" Hakuwa na ubaya, kwao Keumbu wazee wa umri wangu hukaa mbele ya maduka wakiangalia magari. Nyuma yangu misasa yote ilisimama. Nilifungua mdomo nimjibu kwa mzaha, maana ndiyo haki yetu, nikakuta mzaha umeniishia. Nikasema nitamjibu, na usiku ule sikulala vizuri.

Nimeona nikupe jibu wewe kwanza, kisha Jumatatu nimpe yeye, na kwa kupitia kwake niwape wote. Lala salama, Magokoro. Asante kwa kuniita pale kwenye kona. Nakuahidi hivi: kila asubuhi yenye mawe ya kusuguliwa, nitafika. Mvua ikinyesha nitafika nimelowa. Macho yakifungwa kabisa, Bosibori atanishika mkono. Na siku wakiona saa mbili imepita na sijafika, wasihangaike kuuliza kama nimechoka. Waje na majembe.

Mjukuu wako,
Mwalimu